Kijani Chini, Bluu Juu

Skrautlia, 9 Juni 1987

Mdogo wangu Eldrid,

Nisamehe kwa kuchelewa. Umeniandikia barua tatu tangu Pasaka na mimi sijajibu hata moja, na sina kisingizio cha maana. Ningeweza kusema ni Eivind, anaota meno mawili ya juu kwa pamoja na anataka bonde zima lijue. Ningeweza kusema ni Sunniva, ambaye tangu atimize miaka mitatu hataki kuvaa kitu kingine ila lile gauni la sikukuu ya Mei, hata bandani kwa kondoo. Lakini mtu akitaka kuandika anaandika. Nimekaa mezani mara nyingi nikaandika "Mpendwa Eldrid", nikaishia hapo, na karatasi ikawa ya Sunniva ya kuchorea. Kwa hiyo ukigeuza ukurasa huu ukakuta farasi mwenye miguu sita, usishangae. Hiyo ndiyo barua yangu ya kwanza.

Baba hajambo. Mkono wa kushoto bado mzito, lakini kikombe anashika. Hashuki tena kule chini kwenye chumba cha nta, tunakopaka ski ili zishike theluji. Nilidhani ni ngazi zinamsumbua, ila ngazi za kwenda kulala anazipanda vizuri tu. Torgeir bado yuko na lori lake la maziwa, anatoka alfajiri, anarudi mchana akiwa hoi, na juzi amelala mezani na uma mkononi. Sunniva alimfunika leso ya jikoni akasema baba amekufa. Tumecheka mpaka mtoto akaamka.

Mbio za ski za Machi sitaki tuziongelee. Yameshapita.

Ninachotaka kuongelea ni chuo. Jibu lao litakuja hapa nyumbani katikati ya Julai, kwa sababu ndiyo anwani uliyowapa. Likifika nitakutumia siku hiyohiyo. Ndani kutakuwa na kadi ndogo. Kazi yako ni moja: andika ndiyo, tia sahihi, irudishe chuoni Trondheim kabla ya tarehe mosi Agosti. Mwalimu wako wa hesabu nilimkuta kanisani, akasema akikosa kukubaliwa Eldrid basi hakuna wa kukubaliwa. Mhandisi wa madaraja, mdogo wangu. Nimelitamka hilo neno peke yangu jikoni mara kadhaa nione linavyosikika. Linasikika vizuri.

Kula. Usikimbie tu ukasahau kula.

Dada yako,
Reidun


Kibanda cha Gråkollbu, 18 Juni 1987

Dada mpendwa,

Farasi wa miguu sita nimembandika ukutani juu ya kitanda changu. Mwambie Sunniva kwamba miguu sita ni akili, huku mlimani minne haitoshi.

Nilianza kufikiri umenikasirikia. Basi nimefurahi, hata kama barua nusu ni kadi ya chuo.

Huku nafanya kazi jikoni kwa Mama Borghild. Wageni arobaini kwa siku, wote wanataka viazi. Naamka kabla yao, napanda na ski zangu kwenye barafuto, ile barafu ya mlimani isiyoyeyuka hata kiangazi, nateleza saa mbili, kisha nashuka kumenya. Theluji ya asubuhi ni ngumu na chembechembe kama chumvi, jua likipanda inakuwa uji. Juzi Mama Borghild aliniambia, "Binti, viazi vyangu unavimenya kama unayekimbizwa." Nikamwambia nakimbizwa kweli, na jua. Akasema basi jua likija mezani kuomba viazi vyenye maganda, atalituma kwangu.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita alikuja Asle Bjørgan, yule kocha wa Lillehammer, na wasichana wake sita. Wamelala hapa siku nne kwa ajili ya barafuto. Alinitambua. Alisema, "Wewe si yule uliyeponzwa na nta Machi?" Nikasema ndiye mimi. Usiudhike, sikutaja jina la mtu. Alinifuata kwa nyuma mizunguko mitatu, halafu jioni akaniita. Anasema ana nafasi moja kwenye timu, majira mawili ya baridi. Chumba juu yao, ski juu yao, safari juu yao. Alisema msichana ambaye bila ile nta angekuwa wa tatu au wa nne, hawezi kumwacha aende kukaa darasani.

Nilimuuliza kama naweza kusoma huku nakimbia. Akasema wamejaribu wengi, wakawa wabaya kote kuwili.

Dada, unajua ninavyojisikia nikiwa kwenye ski. Nilikuwa nakusumbua na hadithi hizo tangu tunalala chumba kimoja. Nishauri. Ila nishauri kama dada, usinishauri kama mama.

Wako,
Eldrid


Skrautlia, 29 Juni 1987

Eldrid,

Unaomba nikushauri kama dada na si kama mama. Siwezi kuvitenganisha, na wewe unajua kwa nini. Ulikuwa na miaka kumi na moja, mimi kumi na saba. Mama alizikwa Alhamisi na Jumatatu nilipaswa kuanza shule ya uuguzi. Jumatatu hiyo nilikusuka nywele vibaya, ukaenda shule ukilia kwa sababu ya nywele, na mimi nikabaki. Sikusimulii ili unionee huruma. Nakuambia ili ujue kwamba mlango wa shule ukijifunga haugongwi tena. Watu watakuambia utarudi. Mimi pia niliambiwa.

Sasa hicho anachokupa huyo kocha. Majira mawili ya baridi, halafu? Utakuwa na miaka ishirini na moja, goti bovu na picha mbili kwenye gazeti la wilaya. Nimewaona. Yule Gunvor wa Nordre alikuwa kwenye timu ya taifa, leo yuko mashine ya kufungasha jibini, na kila mgeni akija anaonyeshwa vikombe vyake. Ni mwanamke mzuri, sisemi vibaya. Nasema tu kwamba wewe una kichwa ambacho Gunvor hakuwa nacho.

Na jambo jingine, litauma lakini nitalisema. Machi ulikuwa wa kumi na tisa. Kwenye timu walichukua wanne. Nta au si nta, wa kumi na tisa ni wa kumi na tisa. Mtu akishindwa anakubali, anafunga ski zake, anaendelea na maisha. Huyo kocha anakuuzia mbio ambazo hazikukimbiwa.

Eivind ana homa kidogo, ya meno. Naandika kwa mkono mmoja.

Reidun


Gråkollbu, 6 Julai 1987

Dada,

Sawa.

Kadi ikija usinitumie, barua zinachelewa huku. Jaza wewe, andika ndiyo, tia sahihi kwa niaba yangu, mwandiko wetu unafanana. Nitamwambia kocha akirudi mwisho wa mwezi.

Sikujua kama wewe pia uliona kwamba nimeshindwa. Nilidhani walau wewe ungesema ni nta.

Msalimie Baba na Shemeji. Eivind mpe uji wa baridi kwa kijiko, utatuliza fizi.

Eldrid


Skrautlia, 21 Julai 1987

Mdogo wangu,

Barua ya chuo imekuja Ijumaa. Umekubaliwa. Kadi iko humu ndani, haijajazwa. Leo ni Jumanne na kwa siku nne imekaa juu ya friji. Mara mbili nimeishika kalamu, mara mbili nimeiweka. Jana Torgeir aliniuliza, "Ni neno moja tu, unaandika kitabu?" Nikamwambia anyamaze na ale samaki wake.

Sikuijaza kwa sababu huwezi kumchagulia mtu baada ya kumuibia. Ngoja nieleze, na ukimaliza kusoma fanya unavyotaka.

Jioni ya kuamkia zile mbio, redio ilisema asubuhi ingeanza na digrii nane chini ya sifuri, na wakati wa mbio ingekuwa tatu. Kila mtoto wa bonde hili anajua hiyo ni nta ya bluu. Nilishuka na ski zako kule chini. Nikapaka kijani, nta ya baridi kali zaidi. Tabaka tatu, nikazisugua kwa kizibo cha kulainishia nta mpaka zikang'aa. Halafu juu yake nikapitisha bluu, nyembamba kama siagi ya mtu mchoyo, ili wewe na Baba mkiangalia muone bluu. Nilijua kilomita mbili au tatu tu itakuwa imelika, na chini yake kijani haitashika theluji ile. Kwenye kila mlima ungepiga teke la kujisukuma na ski ingerudi nyuma.

Sikukosea kopo. Watu wanadhani nimekosea kwa uchovu. Kåre wa dukani, kila nikinunua sabuni, ananiuliza mbele ya foleni kama nilikupakia mafuta ya matako ya mtoto kwenye ski. Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, kwa sababu afadhali waseme ni mzembe kuliko wajue.

Nilitaka usichukuliwe. Nilijiambia akishindwa mara moja, vizuri, mbele ya watu, ataachana na hili jambo na ataenda Trondheim. Niliona ni dawa chungu nampa mtoto wangu. Ila wewe si mtoto wangu, na haikuwa dawa.

Baba anajua. Mlivyorudi siku ile aliichukua ski yako, akaikwangua kwa ukucha wa dole gumba, akanusa. Akanitazama muda mrefu, akapanda zake ngazi. Tangu hapo hajashuka kule chini, na kwangu hajatamka neno nta hata mara moja. Baba yetu, Eldrid, ambaye siku ya harusi yangu alimshika Torgeir akamweleza nta ya lami kwa saa nzima.

Halafu nikakuandikia kwamba mtu akishindwa akubali. Niliandika hivyo nikaifunga bahasha. Ulivyonijibu "Sawa" ndipo nimeona nilichofanya.

Bado nataka uende chuo. Sibadilishi hilo na sitajifanya nimebadilika ili unisamehe haraka. Lakini huyo kocha alisema kweli: bila mimi ungekuwa wa tatu au wa nne. Hilo ni lako na nakurudishia. Kadi ni hii. Basi la posta likipita kwako Jumatatu, itafika Trondheim kwa wakati, iwe ndiyo au hapana.

Sitegemei barua ya upole.

Reidun


Gråkollbu, 25 Julai 1987

Dada Reidun,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na viazi vikaungua. Mama Borghild alikuja na mdomo wazi tayari kunigombeza, akaniona, akaufunga.

Nilikasirika. Nilipanda mlimani mchana, kwenye theluji ya uji, nikakupigia kelele huko juu hadi koo likauma. Kwa hiyo nimeshakugombeza, ni vile tu hukusikia.

Sasa zamu yangu. Kaa chini.

Hukuwa umekuja kwenye mbio tangu kabla Eivind hajazaliwa, kwa hiyo hukujua kitu kimoja. Zamani nilikuwa napasha mwili moto kilomita moja. Tangu mwaka jana napasha nne. Siku ile bluu yako iliisha nikiwa bado napasha moto. Kwenye kile kilima cha nyuma ya shule nikapiga teke, ski ikarudi nyuma kama imepakwa sabuni. Nikazigeuza, nikaona kijani. Nikafikiri: maskini Dada, usingizi umemchanganya, amechanganya makopo. Zilibaki dakika ishirini na tano. Nikaenda nyuma ya meza ya vinywaji, nikaazima kikwangulio, nikaitoa yote. Kijani yote, Dada. Nikapaka bluu tabaka nne. Sikutaka mtu ajue kwamba umekosea, kwa hiyo sikumwambia mtu.

Zile ski zilishika vizuri kuliko siku zote maishani mwangu. Na bado nikawa wa kumi na tisa.

Alichonusa Baba kwenye ski ile ni bluu tupu. Hakuwa anakuhukumu wewe. Alikuwa ananificha mimi.

Kwa sababu nilisema uongo. Unajua ilivyo pale kwenye mstari wa mwisho. Hakuna anayekuuliza umeshindwaje. Wanakuuliza, "Nta?" Wote wanauliza hivyo, wanakuwekea neno mdomoni kama peremende, na wewe unaitikia kwa kichwa tu. Niliitikia kwa kichwa. Nilijua nta yangu watu wanajua anayeipaka. Nilikutupia lawama wewe mbele ya bonde zima nikidhani ulichofanya ni kosa la usingizi, na nikanyamaza miezi minne, nikamwachia kocha aamini, hata akanipa na nafasi yake. Wewe ulinihujumu ukashindwa. Mimi nilikusingizia nikafaulu. Sijui nani kati yetu amwombe mwenzake radhi kwanza, basi naomba mimi. Nisamehe, Dada. Kåre nimeshamwandikia kadi.

Asle Bjørgan amerudi jana na timu yake. Nilimwambia mezani, wenzake wakisikia, kwa sababu tukiwa wawili ningepunguza maneno. Nilisema, "Machi haikuwa nta. Ilikuwa miguu." Akala wafuli mbili nzima, zile keki bapa za moto. Halafu akasema, "Basi ile nafasi siwezi kukupa." Nikasema najua. Akala ya tatu. Akasema nikitaka naweza kuja kufanya mazoezi nao, lakini chumba nijitafutie, ski zangu mwenyewe, chakula changu mwenyewe, na Januari ataangalia kama kuna cha kuangalia.

Nimekubali.

Najua unavyopumua sasa hivi ukisoma hapa. Ngoja nikueleze, usiikunje barua. Siku ile nilipofika kilomita ya saba nilikuwa nimeshaachwa. Ski nzuri, theluji nzuri, hapakuwa na wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Miguu imekwisha. Na kichwani nilikuwa nafikiri: pale kwenye kona nimepoteza, kesho nitaijaribu nikiwa nimeinama zaidi. Kesho, Dada. Nilikuwa nashindwa na naipanga kesho. Nilikuwa nafurahi, na niliona aibu kwa kufurahi, ndiyo sababu nikaitikia kwa kichwa waliponiuliza. Ningekuwa natafuta ushindi tu, ningeacha siku ile. Hesabu naiweza bila kutoa jasho, na siipangii kesho hata siku moja.

Binamu yake Mama Borghild ana duka la kuoka mikate Lillehammer. Nitaoka alfajiri, nitafanya mazoezi mchana, chumba kipo juu ya tanuri kwa hiyo kuni sinunui. Nimeandika hapana kwenye kadi. Nimeitia sahihi mwenyewe na basi limeichukua leo asubuhi. Najua hawaahidi kwamba watanichukua tena.

Sijaandika hapana ili nikulipizie. Naomba uliamini hilo, hata kama mengine utayakataa.

Eldrid


Skrautlia, 3 Agosti 1987

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma jikoni, kisha nikaenda nayo bandani nikaisoma tena, maana huko hakuna wa kunivuta sketi. Halafu siku mbili sikuongea na mtu. Torgeir alidhani nina mimba nyingine. Nilipomwambia hapana, alishukuru Mungu kwa sauti, nikamkasirikia na yeye.

Sikubaliani na wewe. Naandika wazi, usije baadaye ukasema dada alibariki. Leo ni tarehe tatu, kadi imeshafika, mtu mwingine atakaa kwenye kiti chako, na hilo linaniuma kama jino. Miezi minne nimebeba dhambi ambayo haikufanya kazi, na sasa natakiwa nishukuru kwamba haikufanya kazi. Basi nashukuru. Bado nimeudhika, lakini nashukuru.

Nilimwendea Baba. Nilimweleza yote, yangu na yako, alikuwa anakunywa kahawa. Akasema, "Ile ilikuwa bluu nzuri. Nimenusa, nikajua mtoto ameshindwa kwa haki, nikaona nisimwaibishe." Nikamuuliza mbona basi alinitazama vile. Akasema alikuwa anangoja niulize ni nani aliyepaka bluu nzuri hivyo, kwa sababu anajua mimi nasugua kutoka kushoto na ile ilisuguliwa kutoka kulia. Miezi minne, Eldrid. Nyumba nzima tumekaa tunafichana kitu ambacho kilikuwa kimeandikwa chini ya ski. Halafu akamaliza kahawa, akashuka chini kwenye chumba cha nta akishika ukuta, na amekaa huko hadi chakula cha jioni.

Kåre ameitundika kadi yako karibu na mashine ya pesa. "Haikuwa nta, ilikuwa miguu. Mwombe Reidun radhi." Amenipa pakiti ya kahawa, hataki nilipe. Nimechukua. Nikaondoka taratibu kabisa ili foleni yote inione vizuri.

Ulilosema juu ya kilomita ya saba nimelifikiria. Nimejaribu kukumbuka kama mimi nimewahi kushindwa na kitu huku nakipangia kesho. Niliporudi kutoka bandani Eivind alikuwa amekataa uji mara ya nne, nikajisikia nasema moyoni, kesho nitautia tufaha. Nimecheka peke yangu. Basi nimekuelewa. Kuelewa si kukubali, lakini nimekuelewa.

Sasa masharti, na haya hatujadiliani. Majira mawili ya baridi, si matatu. Aprili ya mwaka themanini na tisa utaomba chuo tena, uwe umeshinda au umeshindwa, na fomu utaijaza mezani kwangu nikikuona. La pili, neno nta halitoki tena kinywani mwako kama sababu, hata siku ambayo kweli ni nta. Siku hiyo utaniambia mimi peke yangu. La tatu, ski zako hazipakwi na mtu wa duka la mikate wala na wasichana wa Asle Bjørgan. Utanitumia kwa basi, nitazitengeneza, nitazirudisha kwa basi. Nitapaka kilichoandikwa kwenye kopo, juu na chini. Unayo haki ya kuzikwangua ukipenda. Mimi ningekuwa wewe ningezikwangua walau mara ya kwanza.

Usinishukuru, na usile mikate tu kwa sababu ipo.

Dada yako,
Reidun

Ninavyohitaji bado, unitumie kabla ya theluji ya kwanza: uzito wako ukiwa umevaa nguo za mbio, si wa asubuhi kabla ya kula. Urefu wa jozi zote mbili za ski, na uniambie ipi ni laini zaidi. Simama juu ya kila ski kwenye sakafu iliyonyooka, mtu apitishe karatasi chini yake, na pale inapokwama mbele na nyuma uweke alama ya kalamu, kisha upime kutoka kwenye kisigino unitumie namba, nijue nta ianzie na kuishia wapi. Joto la hewa na la theluji huko Lillehammer, kila asubuhi kwa wiki mbili, limeandikwa kwenye karatasi. Vizibo viwili vipya vya kusugulia nta, vya huku vimekwisha. Namba ya simu ya hilo duka la mikate, na saa ambayo nikipiga sitaunguza mkate wa mtu. Na ratiba ya mbio zote za Desemba, kwa tarehe na mahali, ili nijue mapema siku zipi nimtafute mtu wa kukaa na watoto.